Sahani Mbili za Mama Mkwe

Kwa miaka miwili mama mkwe wangu hakula kitu chochote nyumbani kwangu isipokuwa kile alichokimenya mwenyewe. Yai la kuchemsha, chungwa, ndizi mbivu, basi. Alikuwa anatoka Igombe asubuhi, anafika kwetu Buswelu na mfuko wa dagaa wakavu, anasalimia, anaulizia kazi yangu ya saluni, na chakula kikifika mezani anasema ameshiba. Ameshiba nini, na ameondoka kwake saa kumi na mbili?

Nilijua sababu, ingawa hakuwahi kuitamka. Yeye ni Msabato wa kuzaliwa. Mimi ni Mkatoliki, na kwetu Krismasi bila kitimoto si Krismasi. Malimi mume wangu aliacha kusali tangu akiwa chuoni, anakula chochote kinachotulia kwenye sahani. Kwa hiyo mama alikuwa anaziangalia sufuria zangu na kuona nguruwe ndani yake, hata zikiwa zimeng'aa. Yai lina ganda lake. Hakuna sufuria inayoweza kulifikia humo ndani.

Mimi nina hasira za karibu, na jambo hilo liliniuma. Wanawake wenzangu wanasifiwa na wakwe zao kwa ugali tu. Mimi ninayepika hadi majirani wanauliza leo kuna sherehe gani, mkwe wangu ananimenyea chungwa. Nikaapa kwamba huyu mama atakula kwangu, na akila ataongeza.

Nilichagua tambi za krimu na samaki. Nilijifunza kwenye simu, kati ya mteja na mteja, na nilikuwa nimeshazipika mara kadhaa kwa minofu ya sangara na kamba wa baharini anaoniletea Yasmin, jirani yangu wa duka pale Buzuruga, ambaye hupokea vitu vya friza kutoka Dar. Kwa mama nilijua kamba hawaingii. Wasabato wanakula samaki wenye mapezi na magamba, na kamba hana hata kimoja. Sisi wa ziwani hata wasio Wasabato wengi tunamwona mdudu tu. Sangara peke yake angetosha.

Nilinunua sufuria mpya mbili, kikaango, na vijiko vya mbao. Jumapili moja mama alipofika nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikampeleka jikoni na kumwonyesha maboksi yakiwa bado na gundi yake.

"Nimeambiwa vyombo vingine vinakutia wasiwasi, mama," nikasema. "Hivi havijapikiwa chochote. Fungua mwenyewe."

Kisha akachukua kisu, akakata gundi, akavitoa vyombo kimoja kimoja na kuvisuuza kwa maji. Alipomaliza alinishika bega, akaenda kukaa sebuleni na mwanawe. Mkono ule nauhisi mpaka leo.

Nikaanza kupika. Nilikaanga kitunguu na kitunguu saumu kwenye siagi, nikatia nyanya, nikatia supu ya kichwa cha sangara, nikamimina krimu. Nikaonja. Ilikuwa imepooza. Niliongeza chumvi, nikakamulia ndimu, nikatia pilipili manga, wapi. Ilikuwa na ladha ya maziwa yaliyosimama karibu na samaki. Nikajua ataonja kijiko kimoja, atasema ahsante, na tutarudi kwenye mayai.

Kwenye friza kulikuwa na vichwa na maganda ya kamba tuliowala Jumatano. Utamu wote wa chakula kile uko humo: unayakaanga, unayasaga kwenye blenda na maji kidogo, unachuja. Nilisimama mbele ya friza ile mlango ukiwa wazi. Nikajiambia maganda si nyama. Nikajiambia ninayachuja, hakuna kitakachobaki ila maji. Nikajiambia hata Mungu hawezi kuhesabu maji. Mtu akitaka kukosea hakosi wakili, na wakili wangu siku hiyo nilikuwa mimi mwenyewe.

Niliyakaanga kwenye kile kikaango kipya alichokisuuza kwa mikono yake.

Mezani mama alizikodolea macho tambi.

"Kwetu tambi ni za sukari," akasema. "Hizi zina samaki?"

"Sangara, mama."

"Sangara tu? Wa magamba?"

"Wa magamba, mama," nikasema, na sauti yangu haikutetereka hata kidogo.

Akafumba macho akasali. Alisali kwa urefu, akanitaja kwa jina, akashukuru kwa mikono iliyoandaa. Mimi nilikuwa nimekodoa macho, natazama mvuke. Kisha akala. Akala polepole, halafu haraka, na sahani ilipokwisha aliisogeza kwangu. Sahani ya pili. Malimi alinikonyeza. Nilikuwa nimengoja siku hiyo miaka miwili, nikamwekea mpaka ukingoni.

Wakati wa kuondoka aliomba zilizobaki nimtilie kwenye hotipoti, ampelekee mzee Luhaga, mzee wa kanisa lao, ambaye alikuwa mgonjwa na hana hamu ya chakula. Ningeweza kusema zimekwisha. Nilizitia. Mlangoni akaniita mwanangu, kwa mara ya kwanza tangu niolewe.

Usiku wangu wa siku hiyo siuelezi. Asubuhi nilimwambia Malimi. Alicheka mpaka akakohoa.

"Funika kombe mwanaharamu apite," akasema. "Mama amefurahi, wewe umefurahi. Unataka nini tena?"

Pengine ningefunika. Sijisifu. Lakini Alhamisi mama akapiga simu. Mzee Luhaga amekula, amesema hajawahi kula kitu kama kile. Yeye mwenyewe ameshawaambia akina mama wa Dorkas, kikundi cha wanawake cha kanisa lao, na wamekubaliana nije kwenye makambi, mikutano yao ya ibada ya kila mwaka, niwafundishe na niwapikie wageni.

"Nimewaambia mkwe wangu si wa kanisa letu lakini anatuheshimu," akasema. "Nimewahadithia habari ya sufuria. Hivi vichwa vya sangara tutafute vingapi?"

Nilisema nitampigia. Nikakaa kwenye kiti cha wateja, nikajiona kwenye kioo kile kikubwa cha saluni, nikageuza kiti. Ningeweza kwenda makambi na kupika bila kamba, wakadhani nimekosea siku hiyo. Ila kila mtu angekuwa ananiita yule mwanamke wa sufuria mpya. Hilo lilinishinda.

Ijumaa asubuhi nilimkuta Igombe, karibu na maji, amewatandaza dagaa juu ya nyavu kuukuu na anawageuza kwa mkono. Nilimwamkia. Akafurahi, akafuta mikono, akataka kunitafutia stuli. Nikamwomba asiitafute, nikamwambia nikiwa nimesimama. Sikuzunguka. Nilisema niliweka maganda ya kamba, niliyasaga, nikayachuja, na aliponiuliza nilimdanganya.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliinama akaendelea kugeuza dagaa, safu nzima, kisha akasimama.

"Mwaka ambao Malimi alikuwa tumboni," akasema, "baba yake alikuwa kisiwani miezi mitatu hatujui kama yupo hai. Ndani hakuna unga. Shemeji akaniletea kamongo, mnene hivi, wa kula wiki. Unamjua kamongo, ni wa kuteleza, hana magamba yanayohesabiwa kwetu. Nilimwambia ahsante shemeji, nikamrudishia. Tukala mchicha na chumvi. Nilikuwa na mimba, na tukala mchicha na chumvi."

Nilitazama chini. Kulikuwa na dagaa mmoja amenasa kati ya kidole changu na kandambili na sikuthubutu kumtoa.

"Kwa kamba sikulaumu," akasema. "Mungu ameona kwamba sikujua. Lakini nilikuuliza, Teodora. Nilikuuliza, na nikafumba macho."

Nilipiga magoti pale kwenye mchanga. Nilisema nisamehe mama, na nilikuwa nalia kwa namna mbaya, na kamasi. Alisema ameshanisamehe, akaninyanyua kwa kiwiko. Alikuwa anasema kweli. Si mtu wa kusema hili huku anaficha lile. Kisha akafungua kanga ya kiunoni, akajifunga vizuri, akavaa kitambaa kichwani.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kwa mzee Luhaga. Nilimlisha kwa mkono wangu."

"Twende wote. Nitasema mimi."

"Hapana. Alikipokea kwangu, si kwako." Akanipa fimbo iliyokuwa imechomekwa mchangani. "Wewe baki na dagaa, kunguru wasile."

Akaondoka. Nilimwona akipanda kijia polepole, mgongo umeinama kidogo, mwanamke wa miaka sitini na minane anayekwenda kuomba radhi kwa mgonjwa kwa kosa langu. Mimi nilibaki na fimbo. Jirani zake walikuwa wanatandaza dagaa wao na kunisalimia, wananiita mke wa Malimi, mmoja akaniuliza kama ni mimi nitakayekuja kuwapikia makambi. Nikasema sidhani. Kunguru walikuja nikawafukuza, wakarudi nikawafukuza tena. Sijawahi kufanya kazi kwa bidii vile maishani mwangu.

Aliporudi hakunieleza walichozungumza na mzee. Aliniambia tu kwamba akina mama wa Dorkas amewaarifu kuwa mkwe wake amepata udhuru. Alinifunikia aibu yangu kwa udhuru. Alinipa dagaa wa kupeleka nyumbani, wale waliokauka vizuri, akanisindikiza hadi barabarani.

Alikuja tena baada ya mwezi. Nilikuwa nimepika wali na maharage, mbele ya dirisha, milango yote wazi, na viungo nimevipanga mezani aone kila kimoja. Kamba sijanunua tena, na Yasmin ameacha kuniuliza. Mama alinipa mikono yote miwili, akaniuliza habari ya saluni, akaniita mwanangu kama kawaida. Nilifurahi sana kusikia neno hilo. Nikamkaribisha mezani.

"Mimi nimeshiba, mwanangu," akasema. "Kama kuna yai lakini, nichemshie."

Alisema kwa upole, bila kinyongo, na Malimi hakugundua kitu, aliendelea kujipakulia. Niliingia jikoni nikabandika maji kwenye ile sufuria mpya. Nilichemsha mayai mawili, nikayaweka kwenye sahani na chumvi pembeni, nikampelekea. Aliyachukua moja moja, akayageuza kwenye mwanga wa dirisha kutazama kama yana ufa, kisha akaanza kuyamenya.