Sura ya Fundi Chini ya Kuba

"Enyi wageni watukufu! Simameni wima, vueni kofia, tulizeni nyoyo, kwa maana miguu yenu imefika mbele ya Lango la Simba, kinywa cha mji mkuu wa kale, mahali ambapo wafalme walishuka farasi na majemadari walishusha sauti!"

Wageni watukufu walimtazama msemaji. Mmoja akakohoa. Kisha mwanamke aliyekuwa mbele, ambaye alikuwa amebana magoti kwa namna ya mtu mwenye shida zake, akasema kwa upole, "Binti, sisi tuko kwenye foleni ya choo."

Hivyo ndivyo Mheshimiwa alivyoanza kazi ya kuongoza watalii.

Mheshimiwa hakuwa waziri wala mbunge. Alikuwa msichana wa kidato cha tatu aliyekuja likizo kwa shangazi yake. Jina hilo alilipata shuleni, siku aliyopanda kitanda cha juu bwenini akahutubia mazishi ya mende, kwa majonzi makubwa kiasi kwamba mlezi wa bweni, aliyekuja mbio kuadhibu mtu, aliishia kuinamisha kichwa. Mdomo wake haukuwa na breki, na yeye mwenyewe hakuona sababu ya kutafuta fundi.

Shangazi alikuwa mwongozaji wa siku nyingi, mwenye beji ya shaba iliyomruhusu kuingiza wageni mpaka ndani ya Ikulu ya Kale. Lakini juzi alikuwa ameongoza kundi la watoto wa shule ya msingi, akawapigia kelele washuke kutoka juu ya simba wa mawe, na sauti ikaenda zake. Kilichobaki kooni kilifanana na mlio wa bawaba isiyotiwa mafuta.

Na msiba hauji peke yake. Ofisi ya waongozaji ilikuwa imepokea malalamiko kwamba Shangazi anaongea kidogo mno. Ni kweli alikuwa na mtindo wake: akifika kwenye jengo, huegemeza mwavuli begani na kunyamaza, akawaacha wageni watazame mpaka watosheke, ndipo aeleze. "Mgeni ameletwa aone," husema. "Kusikia atasikia hata kwao." Sasa Mkaguzi alikuwa anakuja leo hii kumsikiliza, naye Shangazi hana hata neno moja la kumpa.

"Usijali, Shangazi," Mheshimiwa alikuwa amemwambia mezani jikoni. "Nitakuwa ulimi wako."

Shangazi alimtazama kama mtu anayeazimwa kiatu chenye msumari. Lakini mwenye njaa hachagui kijiko. Akamkalisha, akamkaririsha historia ya kila jengo kwa kuandika na kuonyesha picha, wakapatana: mwavuli ukiwa juu, sema, mwavuli ukigusa chini, funga mdomo.

Kundi halisi lilikuwa limesimama upande wa pili wa lango. Alikuwepo Bibi mmoja mwenye miwani minene kama vitako vya chupa. Walikuwepo mke na mume waliokuwa wakibishana nani alisahau maji ya kunywa. Na wengine wachache wasio na makuu. Nyuma yao alisimama Mkaguzi, mnene, mwenye kofia, jasho likimteremka kwenye mashavu.

"Shikamooni nyote," alisema Mheshimiwa.

"Marahaba, mwanangu," Bibi aliitikia. "Sogea nikuone. Macho yangu haya yamebaki ya kuonea mwanga tu."

Mkaguzi alimwita Shangazi pembeni, lakini alisema kwa sauti ambayo hata simba waliisikia. "Nimeelezwa habari ya koo lako, pole. Huyu aseme kwa niaba yako, sina neno. Lakini nimekuja kukagua, dada. Nikisikia jambo moja la uongo, ile beji naondoka nayo."

Shangazi akaigusa beji yake kidogo, kama mtu anayehakikisha kifungo hakijakatika. Mwavuli ukapanda.

Mheshimiwa alisema kweli tupu pale langoni, na kweli yenyewe ilitosha. Aliwaonyesha simba wawili wa mawe, pua zao laini kama sabuni kwa sababu ya viganja vya wapita njia wa karne nyingi. Aliwaonyesha mifereji miwili iliyochimbwa na magurudumu ya mikokoteni kwenye mawe ya barabara, mpaka kila mgeni akainama kuipima kina kwa kidole. Bibi aliomba aongozwe mkono, akampapasa simba pua taratibu, akacheka peke yake.

Mkaguzi akapiga miayo.

Ilikuwa miayo ya kawaida, ya mtu aliyeamka mapema. Lakini Mheshimiwa aliiona kama hukumu. Anachoka! Atasema maelezo ni machache, kama walivyolalamika wale! Damu ya mazishi ya mende ikaanza kumchemka.

Wakafika Mnara wa Saa. Mnara ule ulikuwa mrefu na mwembamba, wa matofali mekundu, na juu kabisa nyuso nne za saa zilitazama pande nne za mji, kila uso ukihitilafiana kidogo na mwenzake. Kweli aliyokaririshwa ni kwamba upepo husukuma mishale, na haupigi sawa pande zote. Shangazi alinyamaza kwanza, kama kawaida yake, wageni wakainua shingo. Mwavuli ukapanda.

"Fundi wa saa hii," alitangaza Mheshimiwa, "alikuwa na wake wanne. Kila mmoja aliahidiwa kwamba mume atafika kwake saa moja kamili. Sasa mtu mmoja atafikaje nyumba nne saa moja? Akaona suluhisho ni moja. Kila mke akapewa saa yake."

Kundi zima likaangua kicheko. Mume akamwambia mkewe, "Unaona? Wenzetu walikuwa na akili." Mke akamjibu, "Wewe huyu mmoja tu umemshindwa." Mkaguzi naye alicheka mpaka kofia ikamshuka usoni.

Mwavuli ukagonga chini, ko! Mheshimiwa akajifanya anatazama ndege.

Sifa ni kama pilipili: ukishaionja, chakula kingine hakina ladha. Kwenye Daraja la Wafalme, lenye matao ya mawe yaliyopangwa bila chokaa wala saruji, na bado malori yalipita juu yake mpaka yalipokatazwa juzi juzi, Mheshimiwa aliona kweli hiyo ni nzuri lakini haina chumvi. Akawaambia kwamba anayevuka akiwa amebana pumzi ataota ndoto ya mji ulivyokuwa siku ulipojengwa. Wageni wakavuka wakiwa wamevimba mashavu kama wapiga tarumbeta. Mkaguzi alifika ng'ambo akiwa na rangi ya biringanya, akashika ukuta, akahema.

"Nimefaulu?" aliuliza.

"Kwa heshima kubwa, mzee," alijibu Mheshimiwa.

Ko! Ko! Ko! Mwavuli nusura utoboe barabara. Shangazi alimkamata kiwiko, akamsogezea mdomo sikioni. "We mtoto," ilitoka ile bawaba, "utani-u-a."

"Shangazi, wanafurahi! Mtazame Mkaguzi, anacheka."

Shangazi aliitazama anga, akaonyesha jua kwa mwavuli, kisha akaharakisha hatua. Mheshimiwa alijua sababu. Katika ziara zake zote, Shangazi alipanga mwendo ili kundi liingie Ukumbi wa Kuba kabla tu ya jua la utosini.

Ukumbi ule ndio ulikuwa moyo wa Ikulu ya Kale. Kutoka nje lilikuwa jengo la heshima tu, kuta nene za rangi ya mchanga. Ndani palikuwa na giza la ubaridi, nguzo kubwa zilizozunguka pande zote chini ya roshani, na katikati uwanja wa duara wa marumaru nyeupe. Juu ya duara hilo lilipanda kuba, lenye tundu moja kileleni, na dari yake haikuonekana vizuri kwa kiza. Jua likifika juu ya tundu, mwanga hushuka wima, hupiga marumaru, huruka tena juu, na kuba lote huwaka. Hukaa muda mfupi, kisha jua husogea na kiza hurudi.

Shangazi alitangulia moja kwa moja hadi ukingoni mwa duara, akawapa mgongo, akatazama tundu. Mwavuli ulikuwa begani, maana yake nyamazeni. Na hapo, akiwa nyuma na kundi kati ya nguzo, mbele ya Mkaguzi aliyekuwa anamsubiri kwa tabasamu kama mtoto anayengoja hadithi, Mheshimiwa akashindwa kujizuia.

"Hizi nguzo," alinong'ona kwa sauti ya siri, "zina maua ya mawe yasiyo na idadi. Lakini katikati ya maua, fundi mkuu alichonga sura yake mwenyewe, ndogo kama ukucha. Anayeiona hupata baraka ya macho mpaka uzeeni."

Aliitunga palepale, kwa nusu pumzi. Kundi likatawanyika kama kuku waliomwagiwa mtama. Mume akapanda juu ya msingi wa nguzo, mkewe akamshusha kwa kumvuta mkanda. Mkaguzi alipiga magoti. Kila mtu pua yake ilikuwa kwenye jiwe, chini ya roshani, mahali ambapo kuba halionekani kabisa.

Bibi naye alikuwa ameikumbatia nguzo moja, miwani ikigusa jiwe, vidole vikitembea juu ya kila ua. "Iko upande gani, mwanangu? Nielekeze tu."

"Bibi, njoo katikati kwanza," alisema Mheshimiwa. Kule ukingoni, Shangazi alikuwa amegeuka, akiwapungia mwavuli kwa nguvu. Tundu la kuba lilikuwa limeanza kung'aa ukingo mmoja.

"Siendi mpaka niione. Marehemu mama yangu alinisimulia ukumbi huu tangu nikiwa mdogo. Daktari ameniambia macho haya hayafiki mwakani. Kama kuna baraka ya macho humu, siiachi."

Mheshimiwa akautazama mwanga uliokuwa ukikua tunduni. Akageuka. "Jamani! Njooni katikati! Haraka!"

"Ngoja kwanza," Mkaguzi alijibu bila kuinua kichwa. "Nahisi niko karibu."

Shangazi alifungua mdomo akaita. Hakikutoka kitu. Uzi wa kwanza wa mwanga ulishuka kutoka tunduni, ukagusa marumaru pembeni.

Kuna ujasiri wa aina nyingi duniani. Kuhutubia mende ni mmojawapo. Huu mwingine Mheshimiwa hakuwahi kuufanyia mazoezi. Akaitazama beji ya shaba kifuani mwa Shangazi, akamtazama Bibi akipapasa mawe, akajikaza kisabuni.

"Hakuna sura!" alipiga kelele, na ukumbi mzima ukarudia, sura, sura, sura. "Hakuna sura, nimeitunga! Mimi, si Shangazi! Tafadhali njooni mtazame juu, mwanga utapita!"

Alimshika Bibi mkono, karibu ambebe, wakafika ukingoni mwa duara. Wengine wakafuata, wengine kwa hasira, wengine kwa mazoea tu ya kufuata. Wakainua nyuso.

Mwanga ulishuka kama maji yanayomiminwa. Marumaru ikawaka nyeupe, na kule juu giza likapasuka: vigae vya bluu, maelfu kwa maelfu, bluu ya kila namna, na katikati yake ndege wa dhahabu wakipanda kwa mizunguko kuelekea tunduni, kila mzunguko ndege wadogo zaidi, mpaka wa mwisho walionekana kama cheche. Mtu aliyejenga pale alikuwa amelijua jua kama mtu anavyojua tabia ya mkewe. Mheshimiwa mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakutafuta la kuongeza.

Bibi alikuwa amevua miwani. Mwanga ulimjaa usoni. "Bluu," alisema polepole. "Mama alisema ni bluu. Naiona, mwanangu."

Halafu jua likasogea, na ndege wakarudi gizani mmoja mmoja.

Mkaguzi alikuwa ameshika kofia mkononi. Kisha akaivaa, na pamoja nayo akavaa ukaguzi wake.

"Wake wanne?" aliuliza.

"Uongo, mzee. Ni upepo."

"Daraja?"

"Uongo."

"Nimebana pumzi nikaona nyota mchana, binti."

"Nisamehe, mzee." Machozi yalikuwa karibu. "Niliona unapiga miayo. Nikaogopa utamnyang'anya Shangazi beji kwa sababu hana maneno. Usimwadhibu yeye. Yeye alinifundisha kweli yote, na kila mara alinigongea mwavuli."

Mkaguzi alimtazama Shangazi. Shangazi hakujitetea, hakuwa na sauti ya kujitetea, akasimama wima tu.

"Sheria inasema mwongozaji akidanganya wageni, avuliwe beji," alisema Mkaguzi. "Aliyedanganya hapa hana beji. Mwenye beji hajasema hata neno moja." Akalitazama kuba. "Walioleta malalamiko waliletwa humu saa hii hii?"

Shangazi akaitikia kwa kichwa.

"Basi nitajua la kuwajibu. Beji kaa nayo, dada. Na wewe, binti, hebu tuyamalize hapa hapa. Kuna uongo mwingine uliobaki?"

"Hakuna, mzee," Mheshimiwa aliapa.

"Samahani," alisema yule mke, akigeuka huku na huku. "Mume wangu yuko wapi? Alikuwa hapa kwenye nguzo. Alisema anatoka kidogo."

Shangazi alimgeukia mpwa wake taratibu. Mwavuli ulipanda juu, juu kabisa, kwa amri isiyo na shaka: sema.

Mheshimiwa akatazama viatu vyake.

"Yuko nje, mama," alisema. "Ameegemea ukuta wa mashariki. Nilimnong'oneza nguzoni, ulipomvuta mkanda. Nilimwambia mume anayeuegemea ukuta ule bila kubanduka mpaka mkewe atoke, hatagombezwa nyumbani mwaka mzima. Na hilo pia nimelitunga mimi."