Mtoto wa Nyota kwenye Mnada wa Mavuno

Nilikuwa nimeweka nadhiri mbele ya usharika: mtoto wa kwanza wa mbwa wangu Nyota atauzwa kwenye mnada wa mavuno. Kwa hiyo majibu ya kipimo yalipoingia kwenye simu, niliyasoma nikiwa nimepiga magoti.

Nyota ni mbwa wa ulinzi wa asili ya Kijerumani. Bibi yake alimaliza maisha akiburuta miguu ya nyuma. Majirani hapa Chikongola walisema alikanyaga dawa iliyotegwa, nami niliamini hivyo mpaka mwalimu wa masomo ya jioni alipotufundisha urithi. Alisema ugonjwa unaweza kujificha kwa mzazi mwenye afya, ukamtokea mtoto aliyeupokea kwa baba na kwa mama. Nikamwita daktari wa mifugo. Alisugua pamba ndani ya shavu la Nyota, ikapelekwa maabara nje ya nchi.

Majibu yalisema Nyota hataugua, ila anaubeba ugonjwa.

Dume tuliyemtegemea alikuwa Komando wa Fredi, mwenzangu kazini bandarini. Komando naye ni mjukuu wa mbwa yule yule, na Nyota alikuwa ameshaingia kwenye joto.

"Mpime Komando kwanza," nilimwambia Fredi.

"Dada Rozalia, tangu uanze shule hiyo utapima hata jogoo. Ona anavyokimbia. Huyo ni mgonjwa?"

"Hata bibi yake alikimbia."

"Basi katafute bwana harusi mwenye cheti. Siku ya mavuno utapeleka mihogo."

Joto likipita, mtoto asingewahi mavuno na nadhiri yangu ingevunjika. Lakini ningewezaje kumtolea Mungu kilema nikijua? Niliomba anifungulie njia nyingine.

Kesho yake daktari alinielekeza Mikindani kwa Danish, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Dume wake, Tufani, alikuwa amepimwa, na hakuwa na ugonjwa huo hata wa kuubeba.

"Kwetu mbwa haingii ndani, mama," Danish alisema, "lakini huko nje haki yake tunampa. Mlete."

Nyota akazaa salama. Hakuna mtoto wake ambaye angeburuta miguu kwa ugonjwa ule, ingawa baadhi wangeweza kuubeba.

Siku ya mavuno nilisimama na mtoto wa kwanza, jike jeusi. Mnadi alininong'oneza niseme mazuri tu. Nikashika kipaza sauti.

"Huyu hataugua kama bibi yake Nyota. Ila anaweza kuubeba ugonjwa, hivyo atakayemchukua aahidi hapa kwamba hatampandisha kabla ya kumpima yeye na dume."



"Mbwa ana masharti kuliko mkopo," mtu akasema nyuma, watu wakacheka.

Ndipo Fredi akanyoosha mkono, akataja bei. Veronika wa forodha akataja bei ya juu zaidi. Fredi akaongeza tena, wakashindana mpaka wenye kuku na maboga wakasahau zamu zao. Mwishowe Veronika akaketi.

Fredi alikuja mbele, akachukua kipaza sauti kabla ya kumchukua mbwa.

"Naahidi," alisema. "Na Komando ameshasuguliwa pamba. Hapandishi mpaka majibu yaje. Wenye mbwa wa ukoo huu, tuonane nje na daktari."

Watu watano wakasimama palepale. Kwaya ikaanza kuimba kabla mchungaji hajaruhusu, na mimi nikaimba kwa sauti kubwa kuliko wote.