Ripoti ya Vijana Tisa

Karani Yunusi alipanda milima ya Uluguru kwa siku mbili, daftari kwapani, kwa amri ya Bwana Mkubwa, Mdachi wa boma la Morogoro. Miaka miwili nyuma vijana tisa walioiba walisamehewa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, wakapelekwa kwa muda uliopangwa misheni mlimani kufundishwa useremala na adabu. Sasa Mdachi alitaka kujua kama wamenyooka.

Padri alimwonyesha makaburi manne. "Kuhara damu," alisema. Wanne wengine walitoroka, hakuna aliyejua walipo. Aliyebaki ni Maneno, mwana wa Mwaisha muuza vitumbua, aliyeiba blanketi la askari akiwa na miaka kumi na mitatu.

"Shikamoo, Bwana karani." Kijana alikuwa amerefuka, viganja vimejaa sugu. "Huku naitwa Alois. Mama hajambo?"

"Hajambo. Kila siku ananiuliza habari zako."

"Basi niandikie vizuri. Muda wangu ulikwisha tangu Ramadhani."

Yunusi aliandika kweli tupu: wanne wamekufa, wanne wamepotea. Kisha, kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote: Maneno ni fundi kamili, mtiifu, anastahili kurudi kwao.

Bomani, Mdachi alisoma ripoti, akatabasamu.

"Wale wanane walikuwa dhaifu au wakaidi. Huyu mmoja anatosha kuonyesha kwamba mahali pale panafaa."

"Na muda wake, Bwana Mkubwa? Umekwisha."

"Fundi mzuri hivi nimtoe? Abaki awafundishe wapya. Andika amri: vijana kumi wapande Jumatatu."

Yunusi aliandika. Angeandika kwamba Maneno ni mkorofi, kijana angerudishwa bomani kuchapwa, lakini mgongo ungepona na angelala kwa mama yake.

Jioni alipita kwa Mwaisha.

"Umemwandikia vizuri, mwanangu?"

"Vizuri sana, mama."

"Sasa anakuja lini?"

Yunusi alitazama chini. Mwaisha akafunika bakuli la unga akaingia ndani bila kumuaga.

Asubuhi askari walileta wa kwanza katika wale kumi, mtoto aliyeng'oa mihogo katika shamba la mzungu.

"Jina lako?"

"Mikidadi."

Aliuliza kama huko mlimani watu hupigwa.

"Hapana," Yunusi alisema, "huko hawapigi," akaliandika jina.