Meno Mazima ya Mzee Ng'oa

Daktari wa meno, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Ng'oa, alikuwa na imani moja tu: uso ukiuma, ni jino. Basi uso wake mwenyewe ulipoanza kumpiga shoti kila akinawa au akitafuna, hakupoteza muda. Alimwita daktari mwenzake amng'oe gego. Maumivu yakabaki palepale. Likang'olewa la pili, kisha la tatu. Shaka haikumjia hata kidogo, maana ndivyo alivyotibu watu miaka ishirini.

Mwishowe alijikokota hadi kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, mwanamke wa umri wa bintiye. Huyo alitazama picha za kichwa, akamweleza kwamba mshipa wa fahamu wa uso ndio mkorofi. Angepitisha sindano ndefu shavuni, auchome kidogo kwa joto, na kesho yake mgonjwa angelala kwake.

"Na meno niliyong'olewa?"

"Yalikuwa mazima, mzee wangu. Pole."

Siku ya sindano alilazwa wodini, na kitanda cha jirani kilikuwa na mtu. Alikuwa mama mshonaji, mteja wake, ambaye yeye mwenyewe alimng'oa meno matano kwa maumivu hayohayo.

"Daktari wangu, umekuja kuniona," mama akasema, kiganja shavuni. "Una utu wewe."

Ala, kisingizio cha bure hicho. Hapa sifa yake ya miaka yote ingepona au ingekufa, na mzee wa watu akachagua uongo bila hata kupepesa macho.

"Nimekuja kukuona, mama."

Nesi akaingia, akamkabidhi gauni la wagonjwa. "Vaa, mzee. Wewe ni wa pili, baada ya mama."

Mama alilitazama lile gauni, akamtazama na yeye. Mzee Ng'oa aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Mama, meno yako yalikuwa mazima."

"Nilikuambia tangu la pili. Ukaniuliza kati yetu nani daktari."

"Nisamehe."

"Mimi uko nami hapa, utaniomba mpaka uchoke. Na wale wengine ni wangapi?"

Alianza kuwahesabu kichwani, kuanzia mwaka huu kurudi nyuma. Mama alipelekwa chumba cha upasuaji, akarudishwa, na Mzee Ng'oa hajaumaliza hata huo mwaka mmoja.