Mkate wa Kifua

Kifua ndiye mkata donge wa kiwanda cha mkate. Mizani haitaki. Mkono wake ndio mizani, na ukikaa naye dakika mbili utaelezwa hivyo. Unga ulipopanda bei, tajiri alimwambia apunguze donge kidogo, halafu kidogo tena. Bei ikabaki palepale, mshahara palepale, na mkate wa bure wa kila mfanyakazi ukabaki mmoja.

Jioni moja mkewe aliufunika mkate huo kwa bakuli.

"Baba Pacha, mkate umekimbilia wapi?" Akafunua. "Kumbe huu hapa! Nani kaukata hivi?"

Kifua akakohoa. "Kiwanda."

"Kiwanda kina mikono? Mume wangu, unajikata mshahara mwenyewe, kisha unakuja umetuna!"

Mapacha wakaangua kicheko. Kifua hakucheka. Mwenye nyumba alikuwa ameongeza kodi. Bila nyongeza, mwezi ujao wangehamia kwa mama mkwe, ambaye ulimi wa bintiye aliurithisha yeye.

Kesho yake akamkabili tajiri.

"Nyongeza ya nini? Nimekupunguzia hata senti?"

"Hujapunguza, bosi. Mshahara uko vilevile kwa jina, kama mkate."

"Wateja wamelalamika? Basi nenda kazini."

Kifua akaenda kazini. Mikate ya wafanyakazi akaikata kwa donge la zamani. Jioni mkewe akaja kuuchukua mkate wao, akaubeba mikononi bila kuufunga, akapita njia ndefu, akisalimia kila mlango.

Asubuhi wateja walijaa dirishani. "Tunataka kama ule wa Mama Pacha!"

Tajiri akafura. "Nani kakata ile?"

"Mkono huu, bosi. Kwa mshahara huu unasahausahau."

"Lete kisu!" Tajiri akakata mwenyewe. Mikate ikatoka tanurini mmoja kama kandambili, mwingine kama kifungo cha koti. Dirishani watu wakashika mbavu. Wa kifungo haukupata mnunuzi.

Kabla ya saa sita tajiri alirudisha kisu, donge la zamani, na nyongeza: nusu ya ile iliyoombwa.

Kifua aliingia nyumbani kama jogoo.

"Kodi inatosha?" mkewe akauliza.

"Inatosha!"

"Na nauli?"

"Nitatembea kwa miguu. Mimi mwanamume."

Mkewe akainama, akavitazama viatu vya mumewe kwa huruma.

"Na soli, mwanamume?"