Sauti ya Anifa Kwenye Meza ya Khanga

Mzee Bakili aliegemeza simu ya binti yake kwenye rundo la khanga, akaongeza sauti mpaka mwisho. Kiingereza cha mhadhiri kikamwagika Kariakoo. "Huyo ndiye anayemfundisha Anifa wangu chuoni," aliwaambia wateja, na hata wasiouliza aliwaambia.

Anifa aliendelea kukunja khanga. Muhula mzima alikuwa akirekodi mihadhara ili aisikilize polepole nyumbani, na nyumbani mambo yalikuwa yaleyale: maneno mawili matatu anayashika, mengine yanampita. Tangu shule ya msingi alijua kwamba mwalimu akiuliza kama mmeelewa, darasa zima huitikia kwa pamoja, na anayekaa kimya ndiye anayegeukiwa na macho yote. Basi naye aliitikia, tena kwa nguvu. Wenzake wakipiga soga kwa Kiingereza baada ya kipindi, alicheka walipocheka. Ah, angefanyaje? Aliona aibu, na aibu ile hakuwa na wa kumweleza.

Dalia, mwenye duka la manukato kule Mchafukoge, alikuwa akichagua doti. Akasita, akategea simu sikio.

"Mdogo wangu, hii ya lini?"

"Ya juzi, dada."

"Mbona anasema jaribio la Ijumaa limesogezwa, linafanyika keshokutwa yake, yaani leo, saa nne asubuhi? Na asiyelifanya haruhusiwi kuingia mtihani wa mwisho."

Adhana ya adhuhuri ilikuwa imekwisha zamani. Anifa akakalia kigoda. Juzi yote hayo yalisemwa mbele yake, naye yupo safu ya pili, anatikisa kichwa. Mwaka mzima umekwenda na maji.

"Anasemaje, bibie?" Mzee Bakili aliuliza huku akimpimia mteja mwingine khanga mabegani.

Dalia alimtazama Anifa. "Mwambie mwenyewe," alisema taratibu, akairudisha doti mezani.

Anifa alifungua kinywa. Kabla hajatoa neno, mhadhiri kwenye simu aliuliza kama wameelewa. Darasa likaitikia, na juu ya sauti zote ikasikika moja ya kike, ya kwanza kabisa, isiyo na wasiwasi wowote.

Mzee Bakili alimshika mteja mkono.

"Umeisikia hiyo? Mwanangu huyo."

Kisha akairudisha rekodi nyuma kidogo, waisikie tena.