Mto Kajunju Ulivyohamia Mbele ya Nyumba

Mto Kajunju unatoka msituni, juu ya Buganguzi, na unaitwa mto kwa heshima tu, maana mbuzi huuvuka bila kulowa tumbo. Tangu enzi za babu wa mumewe, ulipita nyuma ya kibanja cha mjane Klaudia, yaani nyumba na migomba yake, upande wa msitu. Mwaka 1974 ukahama, naye hana habari.

Habari aliletewa na Lameki, mwenyekiti wa kijiji, aliyefuatana na Ndugu Mutembei, bwana ramani wa wilaya. Amri ilikuwa fupi: wote wanaokaa kati ya mto na msitu wahamie kijiji cha ujamaa kabla ya mvua. Na kwenye ramani, mto ulipita mbele ya nyumba ya Klaudia.

"Ma Klaudia, fungasha," alisema Lameki.

Klaudia alitazama kibanja chake. Migomba angepanda mingine. Lakini mumewe, Projestus, alizikwa humo humo kibanjani, kama baba zake wote, na kaburi huwezi kujitwika. Akawapeleka nyuma wakaone wenyewe.

Mutembei alichovya kidole. "Haya ni maji," alikubali. "Lakini mto uko kule. Ramani ina muhuri, haya hayana."

Wakarudi mbele, penye vumbi na kuku. Mutembei alivua viatu, akakunja suruali, akavuka mto wa serikali. Lameki, kwa nidhamu ya chama, akakunja yake pia.

"Ndugu, ramani uliichorea wapi?" aliuliza Klaudia.

"Hapa hapa, mwaka juzi. Kulikuwa na mzee mkarimu mno."

Basi Klaudia akaelewa. Projestus hakuwahi kumwacha mgeni aondoke kabla kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, hakijakauka. Kwa mara ya kwanza tangu amzike, alimkasirikia. Kisha akaingia ndani, akatoa pombe yote aliyoiandaa kwa misa ya kumwombea.

Kibuyu cha tatu kilipoisha, Mutembei alishika kalamu, na Kajunju ukaanza kurudi. Uliruka nyumba, ukaruka kaburi, ukatulia upande wa msitu. Kalamu haikusimama hapo. Ilikata kona, ikazunguka mbele ya nyumba ya Lameki, ndipo muhuri ukagongwa.

Lameki aliitazama ramani mpaka macho yakamwuma.

"Ma Klaudia, rubisi imebaki?"

"Imekwisha, waitu. Ukifika kwako vua viatu, usije ukalowa."